Kahawa ya Kumzuia Baba

Jumamosi, 1 Machi

Dada amepiga simu asubuhi. Atakuja tarehe kumi na tano kumchukua Baba akaishi kwake. Hakuuliza, ametangaza. Anasema kwake kuna uwanja, kuna hewa, na kuna mtu nyumbani mchana kutwa. Nikamkumbusha kwamba hata hapa kuna mtu nyumbani mchana kutwa: mimi, mstaafu wa miezi saba. Dada akasema hicho ndicho hasa kinachomtia wasiwasi.

Nimeumia. Ila sikujibu. Mpanga mambo hajibu, anapanga.

Hali yenyewe ni hii. Baba ana miaka themanini na minne. Yuko nasi tangu Mama afariki, mwaka wa nne sasa. Chumba cha nyuma, kiti dirishani, gazeti, penseli nyekundu. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji miaka thelathini na moja, na mpaka leo hawezi kusoma gazeti bila kulisahihisha. Hasemi sana. Na tangu Mama aondoke hajanywa kahawa. Tukimpelekea anashukuru, anakiweka kikombe dirishani, kahawa inapoa, basi.

Mama alikaanga kahawa yake mwenyewe, kila alfajiri, kwenye kikaango cheusi chenye mpini uliofungwa waya. Sisi watoto hatukuwahi kuamshwa kwa jina. Tuliamshwa na harufu. Ilipita chini ya mlango, ikapanda kitandani, ikaingia kwenye sare za shule. Mwalimu wangu wa darasa la tatu alikuwa akinisogelea kusahihisha daftari, anavuta pumzi, anafumba macho, kisha ananipa alama nisizostahili. Nikifumba macho sasa hivi namwona Baba kwenye mlango wa jikoni, fulana nyeupe, gazeti mkononi.

Hoja yangu ni nyepesi. Mtu haondoki penye harufu ya mkewe. Nikiirudisha ile harufu, Baba habanduki hapa, na Dada atarudi kwake na kikapu kitupu.

Mke wangu sijamwambia. Siri ya watu wawili si siri.

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwenda dukani kutafuta mashine ya kukaangia kahawa. Ziko za aina tatu. Ya kwanza ni ya hewa moto: ndogo kama jagi, inapuliza buni zikiruka ndani kama bisi, dakika nane kazi imekwisha. Ya pili ni kikaango cha umeme chenye mkono unaokoroga wenyewe chini ya kifuniko cha kioo. Ya tatu ni ya pipa: pipa la chuma linazunguka polepole juu ya moto, lina kidirisha, lina saa, lina droo ya makapi, lina feni ya kupoza.

Muuzaji, binti mwenye subira, aliniuliza nakaangia watu wangapi. Nikasema mmoja. Akaniuliza kama nimewahi kukaanga. Nikasema sijawahi, lakini nimetunza maabara ya shule miaka ishirini na tisa. Akaniambia basi ndogo ya hewa moto itanifaa, nijifunze nayo kwanza, tena haina moshi mwingi.

Nimechukua ya pipa. Kubwa. Mtu aliyeshika funguo za kabati la asidi hauziwi kitu cha ukubwa wa jagi.

Kwenye ngazi nikakutana na Zimamoto. Huyu ni jirani wa ghorofa ya juu yetu, naye mstaafu, alikuwa kikosi cha zimamoto, na hajui kwamba ameshaacha kazi. Kila alasiri anashuka kucheza drafti na Baba. Nikiwa sebuleni nasikia kicheko cha Baba chumbani kwake. Nikiingia mimi, kicheko kinakatika kama redio iliyochomolewa. Zimamoto akaliangalia boksi, akauliza ni nini hicho kizito. Nikasema ni mashine ya kukaushia viatu. Akasema kwa viatu vile ninavyovaa haidhuru.

Mke wangu nimemwambia duka limeniazima niwajaribie, kwa sababu ya utaalamu wangu. Akasema hongera. Kisha akainama, akaokota karatasi ya dhamana iliyoanguka toka kwenye boksi, akasoma jina langu na tarehe ya leo, akaibandika kwenye mlango wa friji. Nimemwoa mwanamke hatari.

Jumanne, 4 Machi

Kitabu cha maelekezo kimeandikwa Kiswahili cha ajabu. Nilikiacha mezani kidogo tu, Baba akakitwaa. Nimemkuta kwenye kiti chake akikisahihisha kwa penseli nyekundu, mabega yanatikisika kwa kucheka. Akanisomea: "Usioge mashine wakati inawaka." Akanisomea tena: "Watoto wakae mbali mpaka wapoe." Akasema mtu aliyeandika hivi angedumu kiwandani kwao nusu saa. Akanionyesha kiti kingine, nikae anisomee ukurasa unaofuata.

Nikamwambia samahani, mzee wangu, nakihitaji kitabu, nina kazi. Nikakichukua.

Kazi yenyewe imekwenda vibaya. Niliogopa kuunguza, nikazima mapema. Buni zikatoka na rangi ya majani makavu. Kikombe chake kina ladha ya nyasi zilizonyeshewa. Tena nilisahau kufunga droo ya makapi. Feni ilipowaka, yale maganda membamba yakaruka jikoni nzima, yakatua juu ya shuka ambazo mke wangu alikuwa ndiyo kwanza amezianua. Akaniuliza kama duka nalo linanijaribu.

Baba nimempelekea hivyo hivyo. Ameshukuru. Dirishani.

Ijumaa, 7 Machi

Maendeleo. Nimechora jedwali: uzito, moto, dakika, rangi, mlio. Nimekaanga mara tano kwa siku tatu. Siri iko kwenye mlio. Dakika ya tisa hivi, buni zinaanza kupasuka, ta, ta, ta, kama vijiti vikavyo vikivunjwa. Hapo kahawa imeanza kuwa kahawa. Ukisubiri zaidi unakuja mlio wa pili, mwembamba na wa haraka, na moshi nao. Kitabu kinasema ukisikia huo wa pili "ukimbie kuzima". Baba ameweka alama nyekundu pembeni: nani akimbie?

Nilipousikia mlio wa kwanza leo nilisimama na kijiko mkononi nikashindwa kutikisika. Nilikuwa nimeusahau kabisa. Mama alikuwa akikoroga kwa mkono wa kushoto, wa kulia unanifunga vifungo vya shati, na buni zinapasuka nyuma yake. Alikuwa akikosea vifungo. Nilikwenda shule upande mmoja wa shati mrefu kuliko mwingine, na sikumwambia, kwa sababu nilipenda afunge yeye.

Kahawa ya leo ni nzuri kwelikweli. Mke wangu amekunywa vikombe viwili, na huyu si mtu wa kusifu. Mwanamke anayeniuzia buni sokoni nilimpelekea ya kuonja, akasema niache uvivu nifungue biashara.

Baba alionja. Mara ya kwanza baada ya miaka minne! Nilisimama mlangoni bila kupumua. Akalamba midomo, akasema ni nzuri, ila si yenyewe. Kisha dirishani.

Zimamoto akamalizia kikombe cha Baba, akaomba kingine, akaomba cha tatu. Akasema kumbe viatu vilivyokaushwa vina ladha. Na Baba akacheka.

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia Dada, eti kumjulia hali. Shabaha ilikuwa kuchimba siri ya Mama bila yeye kushtuka, maana Dada alikuwa mkubwa na ndiye aliyeshinda jikoni. Nikazungukazunguka, habari za watoto, habari za mvua, kisha nikauliza kama kwa bahati tu: hivi Mama alikuwa akiitoa kahawa ikiwa na rangi gani?

Kahawia, akasema. Nikasema haiwezekani, ilikuwa nyeusi. Akasema mimi ningejuaje, nilikuwa bado nimelala. Nikasema na yeye angeonaje, alikuwa kwenye kioo. Tumebishana karibu nusu saa juu ya rangi ya kitu kilichokuwa ndani ya kikaango miaka arobaini na tano iliyopita.

Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, kama nakumbuka jinsi Mama alivyomaliza. Alikuwa akigonga kijiko kwenye ukingo wa kikaango, mara tatu. Nakumbuka. Ndiyo ilikuwa kengele yetu. Ukisikia ya tatu na hujaosha uso, shauri yako. Dada akasema siku hizi na yeye hugonga vijiko mara tatu, hata akikoroga uji, wajukuu wanamshangaa.

Alikuwa karibu kuniambia jambo lingine, alianza, "Unajua, mwezi uliopita niliongea na Baba..." Nikakumbuka kwamba huyu ni mpinzani. Nikamwambia nimeacha kitu motoni, nikakata.

Jumatano, 12 Machi

Naandika kwenye meza ya jirani. Yetu ina unga.

Nilifikiri hivi: labda kosa ni kumpa Baba kikombe. Mama hakumwamsha kwa kikombe, alimwamsha kwa harufu. Kwa hiyo leo alfajiri niliiweka mashine kwenye ujia, mbele ya mlango wa Baba, na feni ya mezani nyuma yake ili isukume harufu ipite chini ya mlango. Nikajaza pipa mpaka mwisho. Nikaondoa na kile kifuniko cha kuchujia moshi, maana kinachuja harufu. Mke wangu alikuwa amelala.

Mlio wa kwanza, vizuri. Feni ikawa inapuliza upande wa sebule. Nikapiga magoti kuigeuza, waya ukajizungusha kwenye mguu wa meza, nikawa chini ya meza. Mlio wa pili niliusikia nikiwa huko. Nilipotoka sikuiona mashine. Sikuuona mlango wa Baba. Niliuona mkono wangu, na huo nao nusu.

Zimamoto alifika kabla sijakohoa mara ya pili. Sijui alipitia wapi. Alikuwa na suruali ya kulalia, kofia ya chuma ya kazini, na mtungi wa kuzimia moto. Nikapaza sauti kwamba hakuna moto, ni kahawa. Akasema wote husema hivyo. Akafyatua. Unga mweupe ukafunika mashine, feni, picha za ukutani, na mimi. Kisha akaingia chumbani, akatoka na Baba mgongoni, akashuka naye ngazi mbilimbili huku akihesabu kwa sauti. Jengo zima likatoka nyuma yao.

Nimeshuka wa mwisho, mweupe kama maandazi ambayo hayajakaangwa. Watu wamesimama barabarani na kanga na mataulo. Mke wangu aliniangalia kama anayesoma karatasi ya dhamana. Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlangoni, blanketi mabegani, uso ameuinua juu, pua inatafuta.

"Nani amekaanga?" akauliza.

"Mimi, Baba. Nisamehe."

"Umeiunguza."

"Ndiyo, Baba."

Akavuta pumzi ndefu. "Hiyo ndiyo yenyewe," akasema.

Nilidhani moshi umemwingia kichwani. Akanishika mkono, akanivuta nikae karibu yake.

"Mama yako alikuwa anaiunguza," akasema. "Kila siku ya Mungu. Mimi nasimama mlangoni namsomea makosa ya gazeti, yeye anaacha kijiko anakuja kusikiliza. Tunacheka. Akikumbuka kikaango, imeshakuwa mkaa. Miaka hamsini na tano nimekunywa mkaa."

"Na hukumwambia?"

"Nimwambie ili iweje? Ningemwambia, angebaki kwenye kikaango."

Zimamoto akavua kofia yake, akaishika kifuani. Tulikaa hivyo mpaka kukapambazuka na moshi wote ukaisha. Nadhani hatujawahi kukaa pamoja muda mrefu hivyo bila mimi kuinuka kufanya kitu. Nilikuwa natetemeka kwa baridi, na sikutaka kuondoka.

Alhamisi, 13 Machi

Sasa nina siri mkononi! Kumbe ni kuunguza tu. Nimesafisha mashine kwa mswaki, bado inawaka, bidhaa imara. Nimeungoja mlio wa pili, nikahesabu mpaka mia moja, nikazima. Mke wangu alifungua madirisha yote, akakaa na mtungi wa Zimamoto mapajani.

Baba amekunywa. Nusu kikombe, halafu nusu nyingine. Kikombe kimerudi jikoni kitupu, mara ya kwanza katika nyumba hii. Nilikigeuza juu chini mara mbili kuhakikisha. Nikaenda bafuni, nikafunga mlango, nikalia kidogo. Halafu nikanawa uso, kazi haijaisha.

Nimekaanga mikebe mitatu ya akiba, yote mkaa safi. Katikati ya mkebe wa pili Baba aliniita. Alikuwa na gazeti la jana, amepata kosa zuri ukurasa wa mbele, akaniambia nikae anisomee. Nikamwambia dakika moja tu, Baba, nikiondoka itaharibika. Nilipomaliza nilisikia Zimamoto anacheka kule chumbani. Haidhuru. Zimamoto anacheka, lakini kahawa ni yangu.

Jumamosi, 15 Machi

Dada amefika saa nne. Amenenepa, amekuwa na mashavu ya Mama. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nikajikuta nimemshika mabega bila kumwachia.

Nikamkaribisha kahawa. Alipokisogeza kikombe mdomoni mkono ulisimama. Akanusa. Akanywa funda moja. Akasema, "Kaka, hii imeungua." Kisha akainywa yote, polepole, machozi yanamshuka, na alipomaliza akagonga kijiko kwenye ukingo wa kikombe mara tatu. Tukacheka wote wawili kama wehu. Tukamweleza mke wangu habari za vifungo, za mwalimu wa darasa la tatu, za kikaango chenye waya. Kwa nusu saa jikoni petu palikuwa nyumbani.

Nikaona wakati ni huo. Nikasimama, nikatangaza kwamba, kama Dada anavyojionea mwenyewe, Baba sasa anakunywa kahawa, ana furaha, na suala la kuhama limefungwa.

Baba akatokea mlangoni na begi. Lilikuwa limefungwa tayari. Shati la kutokea, viatu vimepigwa rangi.

Nikamwuliza kuna nini. Akasema anakwenda kwa binti yake, miezi mitatu, aone. Nikamwuliza kwa nini, baada ya yote niliyofanya.

"Dada yako aliniuliza," akasema.

"Alikuuliza nini?"

"Nataka kukaa wapi. Alinipigia mwezi uliopita akaniuliza. Nikafikiri siku tatu, nikamjibu." Hakuwa na hasira. Alinitazama kama anavyotazama sentensi nzuri yenye kosa moja. "Wewe hukuniuliza, mwanangu. Wewe ulininunulia mashine."

Nimelibeba begi. Ndani aliweka mkebe mmoja wa kahawa na kile kitabu cha maelekezo, hakijaisha kusahihishwa. Zimamoto alimshika mkono mpaka chini, hatua kwa hatua, na gari lilipoondoka yeye ndiye aliyelia kwa sauti. Mimi nilipunga mkono hata baada ya gari kukata kona.

Chumba cha nyuma kiko wazi. Pazia bado lina moshi. Nimekaa kwenye kiti chake dirishani: kumbe unaona mti mmoja, kituo cha basi, na kila anayeingia kwenye jengo. Alikuwa akiniona kila nilipokuja na kila nilipotoka.

Jioni mke wangu amekuja kukaa kwenye ukingo wa kitanda. Hakunicheka. Akasema, "Siku nyingine muulize tu." Nikamwambia nimeelewa. Na nimeelewa kweli. Yote haya yalihitaji swali moja. Nimeliandika hapa kwa herufi kubwa ili nisisahau: MUULIZE.

Alhamisi, 20 Machi

Baba amepiga simu. Sauti yake ina nguvu. Amelala vizuri, Dada anasoma gazeti pamoja naye. Akanieleza habari za kuku. Kumbe Dada anafuga, na Baba asubuhi hukaa uwanjani kuwaangalia. Kuna tetea mmoja mwenye kilema anayemfuata nyuma kama karani. Amenieleza habari za tetea huyo dakika nne nzima. Baba! Dakika nne! Kisha akasema nimpigie jioni, si kwa lolote, tuongee tu.

Nikasema bila shaka.

Nilipoweka simu chini nilibaki nimeduwaa. Jibu lilikuwa wazi mbele ya macho muda wote. Si kahawa. Ni kuku.

Nimekwenda dukani. Ziko mashine za kutotoleshea vifaranga za aina mbili, ya mayai ishirini na manne na ya mayai arobaini na manane. Yule binti mwenye subira aliniuliza kama nina uwanja. Nikamwambia nina kitu bora zaidi, nina chumba cha nyuma kilicho wazi, chenye dirisha. Akaniuliza kama mwenye chumba anapenda. Nikamwambia anapenda mno, ila bado hajui. Akanishauri ile ndogo.

Nimechukua ya arobaini na manane. Imepita mlangoni kwa shida, tumelazimika kukihamishia kitanda cha Baba kwenye ujia. Mke wangu ameketi juu ya kitanda hicho na hajasema neno tangu saa nane. Joto linapanda vizuri. Mayai yanataka kugeuzwa kila baada ya saa nne, siwezi kuinuka hapa.

Ni saa moja jioni sasa. Baba alitaka nimpigie. Nitampigia wakishaanguliwa, iwe habari kamili. Siku ishirini na moja si nyingi.